Dada Mdogo wa Kununuliwa

Kwa Kikantoni waliitwa mui tsai, yaani dada mdogo. Nimetafuta neno la Kiswahili la kuwaita, na kila ninaloshika linanirudisha kwenye ubishi uliowachosha Waingereza wa Hong Kong. Nikisema kijakazi, nimeshahukumu kwamba ni utumwa. Nikisema mtoto wa kulea, nimezifuta fedha.

Na fedha zilitolewa. Familia maskini ilimkabidhi binti kwa wenye uwezo, hati ikaandikwa, mtoto akatumika nyumbani bila mshahara mpaka alipoozwa. Mwaka 1879 Jaji Mkuu John Smale alitamka kuwa huo ni utumwa. Matajiri wa Kichina wakajibu kuwa ni hisani: bila desturi hiyo, mabinti wa maskini wangeuawa wachanga au kuishia madanguroni. Serikali ililipenda jibu hilo. Halikuigharimu kitu.

Ikapita miaka 40 hivi. Clara Haslewood, mke wa ofisa wa jeshi la majini, akaandika barua magazetini, na kelele zikafika London. Mwaka 1922 Winston Churchill, waziri wa makoloni, akaahidi kuikomesha desturi hiyo ndani ya mwaka mmoja. Sheria ilipitishwa 1923, lakini sehemu ya kuwaandikisha wasichana ikalala hadi 1929.

Rejista nayo ilihesabu wale tu waliokubaliwa kuwa mui tsai. Mwenye nyumba akisema, "Huyu ni binti yangu wa kulea," mkaguzi hakuwa na la kuuliza zaidi.

Tume ya 1936, chini ya Wilfrid Woods, ilizunguka Hong Kong na Malaya. Wanaume wawili waliona rejista ikisimamiwa vizuri itatosha. Mwanamke pekee, Edith Picton-Turbervill, aliyewahi kuwa mbunge, akaandika ripoti yake mwenyewe: walindwe watoto wote waliohamishwa kutoka kwa wazazi wao, vyovyote wanavyoitwa. Kwangu, ndiye aliyeuona mlango wa nyuma. Wenzake walikuwa wanalinda jina. Yeye alimtazama mtoto yuko kwa nani na alifikaje hapo.

Wasichana wenyewe hawasikiki sana katika karatasi hizo. Janet Lim, aliyeuzwa Singapore akiwa mtoto na baadaye akawa muuguzi, alichapisha maisha yake mwaka 1958. Kitabu alikiita Sold for Silver: kuuzwa kwa fedha.