Damu Moja, Sura Tatu

Dada yangu ana SS, kaka yangu ana AA, mimi nina AS. Mama mmoja, baba mmoja. Mwalimu wa baiolojia angetuchora ubaoni.

Nikiwa mdogo nilidhani dada anadekezwa tu. Hatumwi dukani mvua ikinyesha, habebi mtungi wa maji. Macho yake yalikuwa na umanjano, na mwalimu mmoja alimwita mvivu mbele ya darasa zima. Halafu usiku mifupa inamshika, analia mpaka majirani wa ploti wanagonga mlango. Hospitali ya kwanza ilimtibu malaria. Ya pili ikasema homa ya matumbo. Alikuwa na miaka saba ndipo daktari mmoja alipoagiza damu yake ipimwe selimundu. Miaka saba watu walikuwa wanamwangalia, na kila mtu aliona kitu chake.

Kuna neno la hicho kinachoonekana: fenotaipu. Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alilitunga mwaka 1909, pamoja na jeni na jenotaipu. Alikuwa amepima uzito wa maharagwe, si mchezo, moja moja. Maharagwe hujichavusha yenyewe, kwa hiyo aliweza kufuata ukoo mmoja usiochanganyika. Ndani ya ukoo huo alipanda yale mazito na yale mepesi, kila kundi kivyake. Watoto wao wakatoka na wastani uleule wa uzito. Kumbe tofauti ile aliyoiona kwenye mizani haikuwa urithi. Ilikuwa udongo, nafasi ndani ya ganda, bahati. Ndiyo akatenganisha: kuna kinachoonekana, na kuna kinachorithiwa.

Rahisi, si ndiyo? Mpaka uulize: kinaonekana kwa kutumia nini?

Mwaka 1904 kijana wa Grenada, Walter Clement Noel, aliyekwenda Chicago kusomea udaktari wa meno, alilazwa akiwa hoi. Daktari mwanagenzi Ernest Irons akaweka damu yake chini ya hadubini, akaona chembe ndefu zilizopinda kama mundu. Bosi wake, James Herrick, akachapisha habari hiyo mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaipitisha himoglobini ya wagonjwa kwenye umeme na kuonyesha kwamba haisafiri sawa na ya kawaida. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kosa lenyewe: asidi amino moja imebadilishwa na nyingine. Moja tu.

Sasa nichukue mimi, mwenye AS. Ukiniuliza kama naumwa, nitasema sina shida, nacheza mpira, niko sawa na kaka. Kwa kipimo hicho S ni jeni dhaifu, imejificha. Toa damu yangu, inyime oksijeni, iangalie kwa hadubini: chembe zinapinda. Hapo tayari nafanana na dada. Ipitishe kwenye umeme: aina mbili za himoglobini zinajitokeza bega kwa bega, hakuna iliyoifunika nyenzake. Mwili mmoja, majibu matatu. Kitabu cha sekondari kilinipa jibu moja tu, na bado nakidai hayo mawili mengine.

Jibu la nne lilitoka hapa kwetu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akalelewa Kenya, Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alikuja na msafara wa Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alibeba S. Nyanda za juu, hata 1 kati ya 100 hawakufika. Alitazama ramani hiyo akawaza mbu.

Alirudi, na mwaka 1954 akachapisha jaribio lake. Wajaluo 30, watu wazima, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na S, 14 walipata vimelea kwenye damu. Kati ya 15 wenye AS, 2 tu. Ripoti inawaita watu wa kujitolea. Kenya ya wakati ule ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na mimi hujiuliza mzungu mwenye sindano aliombaje, na Mjaluo aliye mbali na kwao alikataaje. Allison tunamjua kwa jina. Wale 30 ni namba.

Lakini hoja yake ilisimama. Utafiti wa Kilifi umeonyesha kwamba AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Tena Kilifi hiyohiyo ikavuruga hesabu: ukirithi AS pamoja na alfa thalasemia, ambayo peke yake nayo hukinga, ulinzi karibu wote unayeyuka. Kinga mbili, na zinafutana!

Kwa hiyo Desemba tukienda ushago, upande wa ziwa, kaka ndiye hurudi Nairobi na malaria. Mimi, mara chache. Dada hana kinga yangu. Malaria kwake ni hatari zaidi, hivyo Mama hafungi begi kabla ya kuhesabu vidonge vya Paludrine.

“Umehesabu?” Dada humtania. “Hesabu tena, Mathe.”

Juzi nilimwambia mtu ninayempenda kwamba mimi ni AS. Alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kupimwa, anajiona yuko poa kabisa. Nikamwambia hata mimi najiona poa. Jumanne alienda maabara. Majibu ni Ijumaa.