Nani Kasema? Kutoka Sanad Hadi Linki

Kuuliza si ujinga, na aliye ugenini huuliza zaidi kuliko aliyebaki kwao. Hapa London tunaulizana kila siku: Idi ni lini? Nyama hii yaliwa? Maiti azikwe hapa au arudishwe nyumbani? Siku hizi majibu mengi huja kwa namna moja. Muulizwaji hasemi ndiyo wala siyo, bali hutuma linki ya tovuti, basi. Wapo wanaosema huu ni uvivu tu. Sisi, ambao tumetuma nyingi, tunaona kuwa desturi hii ina mizizi mirefu kuliko intaneti, na kwamba ni vyema kujua tulichorithi na tulichopoteza njiani.

Katika mwambao wetu, mtu akisema jambo la dini barazani, swali la kwanza lilikuwa: nani kasema? Msemaji hakujibu "mimi". Alitaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Huo mnyororo wa majina ndio sanad. Aliyesoma kitabu mbele ya shekhe mpaka akakimaliza aliweza kupewa ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha alichokisoma. Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi wa Unguja, na rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyesomesha Ukutani, walisafiri hadi Hadhramaut na Makka kutafuta elimu na ijaza hizo. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Mwanzoni mwa karne ya 20, Waislamu wa Cape Town walipohitilafiana, Bakathir alipanda meli kutoka Unguja akaenda kuwapatanisha. Swali lilivuka bahari, na mjibuji naye akavuka bahari kulifuata.

Kisha ikaja karatasi. Mwaka 1898 Rashid Rida alianzisha jarida la al-Manar mjini Cairo, na kwa miaka mingi akajibu humo maswali ya wasomaji wa nchi mbalimbali. Jarida hilo lilifika hadi mwambao wetu. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alifuata mfano huo, akatoa gazeti la al-Sahifa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932. Sasa mtu aliweza kumwonyesha mwenzake ukurasa bila kwenda darasani. Lakini jina la mwandishi lilikuwa pale, na aliyekuwa na dukuduku alijua mlango wa kubisha.

Hata tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ilipimwa kwa swali lile lile. Ya Godfrey Dale, mmisionari wa Unguja, ilitoka mwaka 1923, na ya Waahmadiyya ikafuata mwaka 1953. Watu wakauliza: nani kafasiri? Waislamu wengi wa mwambao hawakutulia mpaka Sheikh Abdulla Saleh Farsy alipokamilisha yake, Qurani Takatifu, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Tangu hapo hata asiyejua Kiarabu aliweza kusema: tazama sura fulani, aya fulani. Ndugu zetu Wakristo walikuwa wakifanya hivyo kitambo, kwa namba za aya ambazo mchapaji Robert Estienne alizitia katika Agano Jipya mwaka 1551. Ukifikiri vizuri, sura na aya ni linki isiyohitaji umeme.

Kwa hiyo anayetuma linki si lazima awe mvivu. Mara nyingi ni mtu mwenye adabu, anayeogopa kusema la dini kwa kichwa chake. Anasema kwa lugha ya leo: si mimi niliyesema. Lakini hapa ndipo sisi mafundi tunapotaka kuongeza neno.

Tim Berners-Lee, mzaliwa wa London wa mwaka 1955, aliandika pendekezo lake la mtandao mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva. Aliamua jambo moja kubwa: linki iende upande mmoja tu. Anayeiweka haombi ruhusa, na ukurasa unaoelekezewa haujui kuwa umeelekezewa. Ndiyo sababu mtandao ulikua haraka namna ile, na ndiyo sababu linki hukatika bila mtu kuarifiwa. Sanad ilikuwa na pande mbili. Mwanafunzi alimjua mwalimu, na mwalimu alijua nani kampa ruhusa, tena ya kitabu gani. Linki haimjui anayeifungua: umri wake, maradhi yake, wala mji anaokaa.

Sisi tulijifunza hayo kwa aibu. Ramadhani ya mwaka 2015 iliangukia Juni na Julai. Bibi mmoja wa jamii yetu, mwenye sukari, alitupigia simu. "Mwanangu, mchana wenyewe hauishi huku. Nifunge nisifunge?" Tulikuwa kazini. Tukamwambia, "Shikamoo bibi, nakuletea linki," tukamtumia mjukuu wake.

Ukurasa ule ulieleza kuwa mwenye sukari anayetumia vidonge aweza kufunga akijiona ana nguvu. Uliandikwa kwa ajili ya watu wa kwetu, ambako mfungo ni kama saa 13 na nusu. London, mwezi wa Juni, ni zaidi ya saa 18. Tena katikati ya usiku jua hushuka digrii kama 15 tu chini ya upeo wa macho, halifiki zile 18 ambazo ratiba nyingi hulipimia alfajiri, na ndiyo maana ratiba za misikiti hapa hazilingani. Hayo yote tuliyajua, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Ila ukurasa wenyewe hatukuusoma hadi mwisho.

Siku ya tatu bibi alianguka jikoni, akachukuliwa na gari la wagonjwa. Alhamdulillahi alipona. Tulipokwenda kumtazama hakutulaumu. Alisema tu: "Nilidhani umeisoma, mwanangu."

Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika aya ya 184 ya Surat al-Baqara, wala haikuwa siri. Ilitosha kumuuliza anatumia dawa gani na daktari wake kasemaje, kisha kumpeleka kwa shekhe anayeishi humu humu mjini. Kazini kwetu mchoro hautoki bila sahihi mbili, ya aliyechora na ya aliyekagua. Kumbe jambo la roho ya mtu tulilitoa bila hata moja.

Hatusemi linki zisitumwe. Waliotutangulia walitaja walikotoa maneno yao, nasi tutaje. Ila tangu mwaka ule tunasoma kwanza, tunauliza hali ya muulizaji, na chini ya linki tunaandika: tumeisoma, tumeelewa hivi, hapa hatuna uhakika, nenda kwa fulani. Na bibi yule, kila Ramadhani ikikaribia, tunampigia simu sisi kabla hajatupigia.

Wallahu aalam.