Kigawa Umeme: Wati 240 na Kadi ya Michoro

“Bosi, hii kadi pawasaplai yako haiibebi.” Ndivyo fundi wa kompyuta mjini Arusha anavyokujibu ukimpelekea Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba na kumwambia unataka kuiongezea kadi ya michoro. Mashine zenyewe si mbaya. Zilikaa ofisini Ulaya au Marekani miaka kadhaa, zikaondolewa kwa mkupuo, zikaja kuuzwa huku kwa bei ambayo mhariri wa video za kwaya kule Nkoaranga anaimudu kwa kujibana kidogo. Kasheshe huanza pale kwaya inaporekodiwa kwa 4K na programu ya kuhariri, tuseme DaVinci Resolve, ikadai kadi ya michoro yenye kumbukumbu yake yenyewe. Ukifungua boksi unakuta stika ubavuni mwa kile kisanduku cha bati chenye feni: 240 W, au 275 W. Mteja anaiona namba kubwa, fundi anaiona ndogo.

Kisanduku hicho mafundi wanakiita pawasaplai, na wanaelewana. Anayetafsiri haraka huandika “ugavi wa umeme” au “chanzo cha umeme”. Yote mawili yana kasoro. Ugavi kwa sikio la Mtanzania ni ofisi: Afisa Ugavi, stoo, zabuni. Tena ugavi ni tendo. Huwezi kulegeza skrubu nne ukautoa ugavi na kuuweka mezani. Chanzo ndicho kinachopotosha kabisa, kwa kuwa chanzo ni maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, au gesi inayochomwa Kinyerezi. Kisanduku hiki hakizalishi chochote. Kinapokea umeme wa TANESCO wa volti 230, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kinaugeuza uwe wa upande mmoja kama wa betri, kisha kinaugawa katika mafungu: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Mimi nakiita kigawa umeme, kwa mfano ule ule wa kipaza sauti, kinasa sauti na kipima joto. Neno hili lina faida nyingine hapa kwetu. Aliyepitia mgawo wa umeme wa 2011 hahitaji kufafanuliwa kwamba penye kugawa pana kiasi, na kiasi kikizidiwa kuna mtu atakaa gizani.

(Msamiati wa kompyuta tulionao ulianzia zaidi kwenye skrini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, kazi ilikuwa menyu, vitufe na ujumbe anaouona mtumiaji. Vya ndani ya boksi waliachiwa mafundi, nao wakavibatiza kadiri walivyovisikia.)

Hiyo 240 W, basi, ni kikomo. Haina maana kwamba kompyuta inakula wati 240 muda wote. Ikiwa imetulia ukiandika barua inaweza kula 30 au 40 tu. Maana yake ni kwamba vyote vilivyomo ndani, kwa pamoja, visivuke hapo. Chini ya namba hiyo kubwa kuna jedwali dogo la maandishi ya kuumiza macho, na hilo ndilo fundi mzuri analisoma kwanza. Linaonyesha kila fungu lina ampea ngapi. Prosesa na kadi ya michoro karibu zote zinakula kwenye fungu la volti 12, kwa hiyo zidisha: ukikuta ampea 16, fungu hilo lina wati 192, hata kama stika imeandikwa 240 kwa herufi nene. Vigawa vya bei chee visivyo na jina vinapenda kujificha hapa. Vinaandika 500 W juu, lakini ukizidisha fungu la volti 12 hupati hata 300.

Kadi ya michoro yenyewe sina ugomvi na jina lake, ingawa mtaani wengi wanasema grafiksi kadi, na wazee wa fani bado wanaiita VGA. Inachomekwa kwenye sloti ya PCI Express, na sloti hiyo kwa kanuni hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi inaletewa waya wake kutoka kwenye kigawa: wa pini sita huongeza wati 75, wa pini nane huongeza 150. OptiPlex na EliteDesk nyingi za ofisini hazina waya hizo kabisa. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza kama kadi ina tundu la waya mgongoni.

Kadi zisizohitaji waya zipo, na si takataka. GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 inakula 75. GTX 1650 ya 2019 nayo ni 75, ila uiangalie vizuri, maana matoleo yake mengine yamewekewa tundu la pini sita. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, inakula 70.

Tuchukue OptiPlex 7010 ya mnara, yenye kigawa cha 275 W na prosesa ya i5-3470, ambayo kiwango chake ni wati 77. Ubao mama, RAM, diski na feni vipe 45 kwa ukarimu. Hapo ni 122. Ongeza GTX 1050 Ti, unafika 197, na akiba inabaki. Kwenye 7010 nyembamba yenye 240 W akiba hiyo inakuwa 43. Inatosha, ila kadi iwe ya kimo kifupi, na usome mwongozo wa mashine, kwa sababu kwenye baadhi ya mashine nyembamba mtengenezaji amepunguza hata zile 75 za sloti. Sasa weka RTX 3060, ambayo peke yake inakula 170. Jumla 292. Hata ukiipatia waya wake kwa namna fulani, mashine inaweza kuwaka, ikafungua Windows, ukajisifu, kisha ukianza kurenda, skrini inazima na kompyuta inajiwasha upya. Kigawa kimejilinda.

Na kwa kuwa kigawa hakina waya wa kadi, ndipo mtu anaposhauriwa anunue waya wa kugeuza plagi ya diski ya SATA iwe pini sita. Usikubali. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na pini sita inaruhusiwa kudai 75. Plastiki huanza kunuka kabla ya kuyeyuka, lakini usitegemee utakuwepo kuinusa.

Nkoaranga ina lake la ziada. Kwenye miteremko ya Meru, nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, saa moja usiku inapata kile tunachokiita umeme mdogo: taa zinafifia, friji inanguruma. Huo ni udogo wa volti, nao ni tofauti na udogo wa wati anaousema fundi. Kigawa kilichoandikwa 100–240 V kinavumilia volti zikishuka. Kinachofanya ni kuvuta ampea nyingi zaidi ukutani ili kitoe wati zile zile. Chenye swichi nyekundu ya 115 na 230 hakina uvumilivu huo. Ukiweka UPS, kumbuka 650 VA si wati 650. Nyingi hazifiki 400, na monita nayo inakula humo humo. Kwa upande wa LUKU mzigo ni mwepesi: kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa muda wa saa kumi inamaliza robo tatu ya uniti.

Anayetaka kadi kubwa kwa vyovyote vile atabadilisha kigawa, na hapo plagi zinakuwa kikwazo. OptiPlex 7010 ya mnara inapokea plagi ya kawaida ya pini 24. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia pini nane, EliteDesk 800 G1 pini sita, kwa hiyo utahitaji waya wa kugeuza unaolingana na mashine yako. Kwa zile nyembamba hata waya huo hausaidii: kigawa cha kawaida cha ATX kina upana wa milimita 150, na ndani ya boksi lao hakiingii.