Ngoma ya Kusini na Bei ya Maiki

Kijana wa Chikongola, kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, anayetaka kurekodi ngoma nyumbani huanza na swali la fedha: kwa kiasi nilichonacho, ninunue maiki gani, na ngapi? Ni swali la haki. Seti kamili ya maiki saba za dramu, hata ile inayouzwa kama ya bei rahisi, ni mzigo kwa mtu anayeishi kwa korosho au kwa kibarua cha mjini. Lakini swali hilo lina historia, na historia yake kwenye pwani hii inatoa jibu tofauti na lile la wauza vyombo. Kwa zaidi ya miaka mia moja, watu wamekuja na mashine za kila aina kunasa ngoma za nchi hii, na kila mashine imeacha kitu nje. Nikichunguza kilichoachwa, sioni mahali ambapo kosa kubwa lilitokana na maiki ya bei ndogo. Lilitokana na muundo wa mashine, mahali ilipowekwa, na uamuzi wa aliyeishika.

Tuanze na ngoma yenyewe. Kundi la ngoma za Wamakonde, liwe la sindimba au la midimu, ni ukoo wa sauti za juu na za chini. Vinganga ni ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka wa kuchomeka ardhini. Hupigwa kwa fito nyembamba na sauti yake ni kali, hukatika upesi. Ngoma kubwa hupigwa kwa mikono na kubeba uzito wa chini. Ngozi hushikwa na vigingi vidogo vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka mdomo, na kabla ya kupigwa ngoma hupashwa moto ili ngozi ikaze mpaka fundi aridhike na mlio wake. Yote haya ni kazi ambayo studio za leo huiita kuchanganya sauti. Uwiano wa kali na nzito umekwisha kupangwa kwa moto, kwa nguvu ya mkono na kwa mahali anapokaa kila mpigaji, na umepangwa kwa ajili ya sikio la mtu aliyesimama uwanjani, hatua kadhaa mbele ya wapigaji. Hakuna aliyechonga kinganga akiwaza sikio lililobandikwa kwenye ngozi.

Miongoni mwa mashine za mwanzo kufika kusini ni fonografu ya Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, wakati majeraha ya Vita vya Majimaji yalikuwa bado mabichi. Chombo chake hakikuwa na umeme wala maiki. Pembe ilikusanya sauti, kiwambo chembamba kikatikisika, sindano ikachora mfuo kwenye mtungi wa nta uliomaliza nafasi yake kwa dakika mbili au zaidi kidogo. Pembe ya aina hiyo hushika vizuri sauti ya mtu anayeimba mbele yake, lakini mitetemo iliyo chini ya 200 hivi kwa sekunde huipoteza karibu yote, na huko ndiko uliko mwili wa ngoma kubwa. Matokeo yake yanaonekana katika maandishi ya wataalamu wa Ulaya wa wakati huo: walibishana sana kuhusu nyimbo za Afrika na ngazi za sauti zake, wakasema machache kuhusu ngoma, kwa sababu mitungi iliwapelekea nyimbo. Na ile ilikuwa mashine bora ya zama zake, katika msafara ulioungwa mkono na serikali ya kikoloni. Maiki ya dola 25 ya leo inaishinda kwa kila kipimo. Anayedharau chombo chake kwa sababu ya bei akumbuke hilo.

Umeme uliingia katika kurekodi mwaka 1925, na ngoma ikapata uzito wake. Robo karne baadaye, mwaka 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na jenereta na maiki, akirekodi ngoma na zeze za Wagogo, Wahaya na wengine. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo mpaka leo inahifadhi kazi hizo. Tracey alipenda kushika maiki kwa mkono wake na kuisogeza mwenyewe, akikaribia sauti iliyohitaji kusikika na kurudi nyuma ilipokuwa imetosha. Alikuwa na kasoro zake. Alifupisha muziki wa usiku kucha uenee kwenye upande mmoja wa santuri, dakika tatu hivi, na kila aliposogeza mkono alikuwa akimwamulia msikilizaji kipi ni muhimu. Hata hivyo rekodi zake za ngoma zina kina ambacho wengi wenye vifaa vingi wamekikosa, na siri yake ni ya miguu zaidi kuliko ya fedha: alitembea, akasikiliza, ndipo akachagua pa kusimama.

Redio ilifuata. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baada ya uhuru ikawa sehemu ya Radio Tanzania. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na sindimba ya Wamakonde ikatolewa uwanjani kwake, ikafundishwa kikundi cha taifa na baadaye ikachezwa mashuleni nchi nzima. Kwa miaka mingi bendi na vikundi vilivyotaka kusikika vilipitia studio ya redio hiyo. Bendi kama NUTA Jazz ziliingia, zikapiga wimbo mzima kwa mkupuo mmoja, sauti zote zikaishia pamoja kwenye utepe. Hapakuwa na nafasi ya kurudia tumba peke yake. Kama mpiga tumba alifunika magitaa, dawa ilikuwa kumsogeza yeye nyuma au kuisogeza maiki.

Hapa msomaji makini atapinga. Atasema mafundi wa redio walitumia maiki chache kwa kukosa nyingine, na si haki kuugeuza uhaba kuwa hekima. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa fundi mmoja mmoja huenda ni kweli kabisa. Lakini tazama upande wa wasiokosa. Desturi ya kuipa kila ngoma maiki yake ni changa; ilikua Uingereza na Marekani kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, mashine za utepe zilipopata njia nane, kisha 16, kisha 24, na vyumba vya kurekodia vikafunikwa sufi hadi vikawa havina sauti yao. Katikati ya utajiri huo, bendi ya Led Zeppelin ilipiga dramu za wimbo wake wa mwaka 1971, “When the Levee Breaks”, chini ya ngazi za nyumba moja ya zamani huko Hampshire, maiki mbili tu zikining'inia juu ya ngazi hizo. Wangeweza kununua 20. Mlio ule umenakiliwa na watayarishaji wa muziki duniani kote kwa zaidi ya miaka 50, na uliumbwa na nyumba na umbali.

Kuna ushahidi mwingine, nao ni wa karibu zaidi na ngoma zetu. Mwaka 1962 Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, alichapisha makala kuhusu midundo inayosikika katika muziki wa Afrika Mashariki na Kati ingawa hakuna mpigaji hata mmoja anayeipiga. Mikono ya wapigaji kadhaa hupishana, na sikio la msikilizaji huunganisha mapigo yaliyo karibu kwa sauti, likasikia mstari wa tatu au wa nne. Mstari huo hauko kwenye ngoma yoyote. Uko hewani, mahali sauti zinapokutana, na hutegemea uwiano kamili kati ya ngoma na ngoma. Atakayesema kwamba maiki sita zikichanganywa baadaye zitaurudisha anasema kweli kwa sehemu, ila uwiano utakuwa wa aliyekaa mbele ya kompyuta. Tena sauti husafiri kama sentimita 34 kwa elfu moja ya sekunde. Maiki mbili zinazosikia kinganga kimoja kwa tofauti ya umbali huo, na kwa nguvu inayokaribiana, zikichanganywa zitafutana kwenye mitetemo 500 kwa sekunde, na kinganga kitatoka chembamba kama bati. Kila maiki inayoongezwa huongeza ugomvi wa namna hiyo. Kwa mwenye chumba kidogo na masikio yasiyozoea, ni heri kuuepuka.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ililetwa na redio kaseti. Ziliwapa wananchi uwezo wa kujirekodi wenyewe, jambo la kushukuriwa sana, lakini nyingi zilikuwa na kidhibiti kinachojishusha sauti kila pigo kubwa lilipotokea na kujipandisha kila palipotulia. Ngoma ikapoteza tofauti ya kishindo na mnong'ono. Baada ya pigo unasikia waimbaji wakizama kisha wakiibuka. Simu za leo zimerithi tabia hiyo na kuongeza nyingine: kichujio cha kelele, kilichofundishwa kwamba maneno ya mtu ndiyo sauti ya maana na mengine ni fujo. Kijidude cha maiki ndani ya simu si kibaya. Ukitumia programu inayoruhusu kuvizima vidhibiti hivyo na ukasimama mbali kidogo ili isizidiwe, simu hiyohiyo inaweza kutoa rekodi ya ngoma yenye heshima.

Basi, ninunue nini? Ngoma ina fadhila moja ambayo wenye fedha kidogo hawajaitumia ipasavyo: ni chombo chenye kishindo. Kasoro kuu ya maiki rahisi za kondensa ni mvumo wake wa ndani, na mvumo huo, unaoharibu rekodi ya marimba ya mkono au ya mtu anayenong'ona, hufunikwa kabisa na ngoma. Kwa hiyo maiki ndogo ya kondensa inayosikia pande zote, ya aina inayouzwa kwa mafundi wa kupimia vyumba, inatosha kuwa sikio kuu, mita mbili au tatu mbele ya wapigaji. Haipotezi sauti za chini kwa umbali kama zinavyopoteza maiki zinazosikia mbele tu. Ya pili iwe dainamiki, karibu na ngoma kubwa, ili kuongeza uzito pale tu unapopungua; hii haihitaji umeme wake na huvumilia kishindo. Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, bado ni kama dola 100, na kwa robo ya bei hiyo zipo nyingine zinazofanya kazi hii vizuri. Inayoonyesha jina la Shure kwa bei ya kutupa ni ya kuogopwa, maana bandia zimeenea na kampuni yenyewe imekuwa ikionya. Ningejihadhari pia na kondensa kubwa za bei rahisi: nyingi hung'arisha sauti za juu kupita kiasi, na msewe miguuni mwa wachezaji hugeuka kuwa sindano masikioni.

Nakiri gharama ya njia hii. Ukikosea uwiano, huwezi kuurekebisha kesho. Itabidi wapigaji warudie. Atakayesema kwamba sampuli za ngoma zimejaa kwenye kompyuta, na muziki wa singeli umetikisa Dar es Salaam hadi Ulaya bila kupasha ngozi moto, namjibu kwamba singeli ni sanaa nzima kwa haki yake, ila haidai kuwa sindimba, na sampuli ya kinganga ni pigo moja lililokatwa kutoka kwenye mazungumzo.

Kinachobaki ni mahali. Chumba cha saruji chini ya bati, chenye kuta zinazotazamana, hurudisha kila pigo la ufito tena na tena, na sauti za chini hurundikana kwenye pembe. Uani ni bora, ingawa majirani na upepo wa bahari watasikika. Sponji nene juu ya maiki husaidia, na tanga mbili ya Novemba, kati ya kusi na kaskazi, hutoa jioni tulivu kabla ya mvua. Unyevu wa usiku hulegeza ngozi, kwa hiyo ngoma zitarudi motoni kila baada ya nyimbo chache. Moto huo uwashwe upande wa nyuma wa wapigaji, na mahali pa kila ngoma pawekewe alama ardhini, ili kila ngoma irudi palepale ilipokuwa wakati mahali pa maiki palipochaguliwa.