Ufunguo na Faharasa

Leo tutazungumza juu ya vitu viwili vya ndani ya kompyuta ambavyo watu wengi huvichanganya: ufunguo na faharasa.

Fikirini madaftari mawili ya darasa lenu. La kwanza lina majina ya wanafunzi, na kila mmoja ana namba yake. Akina Juma wakiwa watatu, namba ndiyo itakayowatofautisha. Huo ndio ufunguo mkuu. Daftari la pili ni la vitabu vilivyoazimwa. Humo huandikwa namba tu ya aliyeazima, nayo huitwa ufunguo wa kigeni, maana kwao ni daftari la kwanza.

Majina hayo mawili yamo katika makala ya mwaka 1970 ya Edgar Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, San Jose, Marekani. Siku zile programu kadhaa zilitegemea faharasa hata zikashindwa kazi faharasa ikiondolewa. Codd hakupendezwa. Kwake faharasa ilikuwa ya kuharakisha kazi tu. Iwekwe au iondolewe, majibu yabaki yale yale.

Faharasa ni kama ile orodha ya nyuma ya kitabu, ikuonyeshayo ukurasa bila kusoma kitabu kizima. Mwaka huo huo wa 1970, Rudolf Bayer na Edward McCreight, wa kampuni ya ndege ya Boeing, waliitunga kwa mfano wa mti: kompyuta hushika tawi, kisha kitawi, mpaka ifike. Mti huo ungali ukitumika sana.

Sasa angalieni sana hapa. Namba mpya ikiandikwa katika daftari la kwanza, lazima ijulikane kama haijapata mwenyewe. Kwa hiyo ufunguo mkuu kwa kawaida huwekewa faharasa bila kuagizwa. Ufunguo wa kigeni sivyo daima; programu ya PostgreSQL, kwa mfano, haiuwekei. Basi mwanafunzi namba 12 akiacha darasa, nawe wataka kumfuta, kompyuta itapekua daftari lote la vitabu, mstari kwa mstari, ione kama hadaiwi. Mistari 40 si kitu. Ikiwa milioni 40, karani atangoja, na watu wamejipanga dirishani. Faharasa hiyo huna budi kuiagiza mwenyewe.

Kwa juma lijalo, andikeni madaftari hayo mawili, majina kumi tu, kisha mfute mmoja.