Darasa Wazi, Mlima Umefungwa

Hapa Johannesburg, kijana wetu akisema Jumamosi anakwenda na wenzake wa chuo kupanda Magaliesberg, hakosi mzee wa kumwuliza: "Mwanangu, umepoteza nini huko? Milima ni mambo ya wazungu." Husemwa kwa mzaha, lakini mzaha huo una historia, tena si ya zamani sana.

Magaliesberg ni safu ya milima ya kilomita 120 hivi, kaskazini-magharibi ya jiji. Kwa urefu haitishi. Kilele chake kinafika kama mita 1,850, na jiji lenyewe limekaa kwenye mita 1,700 na zaidi. (Sisi tuliozoea habari za Kilimanjaro tunaruhusiwa kucheka kidogo.) Utamu wake uko kwenye makorongo: maji baridi ya kuogelea, kuta za mwamba mgumu za kukwea kwa kamba, na tumbusi wakizunguka juu. Jina lenyewe limetokana na Mogale, chifu wa BaPo, ambaye watu wake walikuwa huko kabla makaburu hawajafika na magari yao ya ng'ombe. Basi uzungu wa mlima huo uliletwa, haukuota hapo.

Chuo Kikuu cha Witwatersrand, yaani Wits, kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1922. Kilijiita chuo kilicho wazi kwa wote, na kweli kiliwapokea wanafunzi weusi wachache. Lakini uwazi huo uliishia mlangoni mwa darasa. Nelson Mandela alipoanza kusoma sheria hapo mwaka 1943 alikuwa Mwafrika pekee katika kitivo hicho. Mhadhara aliusikiliza pamoja na wenzake. Bwawa la kuogelea, viwanja vya michezo na dansi havikumhusu. Eduardo Mondlane wa Msumbiji, ambaye baadaye aliongoza FRELIMO kutoka Dar es Salaam, alisoma Wits mwaka 1949, na mwaka huo huo serikali ikakataa kumwongezea kibali cha kuishi nchini.

Kwa maoni yangu, kufungiwa michezo lilikuwa pigo zito kuliko linavyoonekana. Urafiki wa chuo hauzaliwi kwenye mtihani. Huzaliwa kwenye kamba moja mwambani na kwenye chai ya sufuria moja.

Kisha yakaja makubwa. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu sehemu za umma zitengwe kwa rangi, na ikasema wazi kwamba si lazima zilingane. Hata mwenzako mzungu akikualika, basi la kupanda ni lipi, na mtalala wapi? Sheria ya 1959 ikafunga na darasa lenyewe: mwanafunzi mweusi alihitaji ruhusa ya waziri kuingia Wits. Miaka miwili baadaye, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na Mwenge wa Uhuru.

Sheria ya 1953 ilifutwa mwaka 1990. Mei 2003 Sibusiso Vilane, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori Swaziland, alifika kilele cha Everest, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alikuwa na miaka 32. Tangu sheria ile ifutwe ilikuwa imepita miaka 13 tu.