Nati Ndogo ya Bomba la Petroli

Somo letu leo ni la historia, lakini hatutataja wafalme wala vita. Tutasema habari za nati na kipande cha bomba. Mwalimu aliyeko darasani tafadhali aandike ubaoni maneno matatu: petroli, nati, hesi. Hesi ni ile mistari iliyochongwa kuzunguka skrubu, na ndani ya nati pia, ili viwili hivyo vishikane.

Motokaa ya mfano wetu ni Ford Model T. Ilianza kutengenezwa Detroit, Marekani, mwaka 1908, ikaachwa mwaka 1927. Kwa muda huo zilitoka zaidi ya milioni 15. Nyingi zingalipo mpaka leo, na wenye kuzipenda huzifufua na kuziendesha barabarani.

Je, petroli ilifikaje kwenye injini? Motokaa hii haikuwa na pampu. Kwa miaka mingi tangi lake liliwekwa chini ya kiti cha mbele, nalo lilichukua galoni 10 za Kimarekani, yaani kama lita 38. Petroli ilishuka kwa uzito wake yenyewe, kama maji yashukavyo kutoka pipa lililowekwa juu ya jukwaa. Saa ya kuonyesha kiasi cha petroli haikuwapo. Dereva aliinuka, akaondoa mto wa kiti, akachovya kijiti ndani ya tangi.

Hapo kilizaliwa kisa ambacho madereva wa zamani walikijua sana. Gari likipanda mlima mkali na petroli imepungua, kabureta iliyo mbele huwa juu kuliko tangi. Petroli haipandi mlima. Injini hufa. Basi dereva aligeuza gari, akapanda mlima kinyumenyume! Bila shaka wapita njia walicheka, lakini gari lilifika.

Sasa tutazame bomba lenyewe. Chini ya tangi kuna kikombe cha kunasa uchafu na maji, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli, nayo hutuama chini. Kutoka hapo bomba jembamba huenda mpaka kabureta. Kwenye kiungo cha bomba kuna nati. Ukiikaza, inabana pete laini iliyovishwa bomba, na pete hiyo ndiyo izibayo. Kazi yake yaonekana ndogo. Lakini kabureta na bomba la moshi viko upande mmoja wa injini, mkono wa kuume. Petroli ikidondoka karibu na chuma chenye moto, gari laweza kuteketea pamoja na aliyemo.

Miaka ilipopita, viungo vya kwanza vilichakaa. Wenye magari walitia mpira wakaufunga kwa waya, kwa kuwa walitaka kwenda safari, si kuhifadhi historia. Siwalaumu. Lakini mpira wa zamani hukauka na kupasuka, na petroli ya siku hizi katika nchi nyingi imechanganywa na spiriti, ambayo hula mipira ya namna fulani upesi zaidi. Ndiyo maana fundi anayefufua gari hutafuta viungo vya asili.

Na hapa ndipo wengi huharibu, kwa ajili ya zile hesi. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa kipimo kimoja cha hesi, chenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers alitoa chake, cha digrii 60. Hesi za mabomba nazo zikafuata njia mbili. Katika bomba la kipimo kiitwacho robo inchi, Waingereza huchonga hesi 19 kwa inchi moja, Wamarekani 18. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nati ngeni huingia vizuri mzunguko mmoja au miwili, kisha hukwama. Mtu mwenye nguvu na haraka huchukua spana kubwa, akailazimisha. Hesi hukatika, na kiungo kilichodumu maisha ya mtu mzima kimekwisha kwa dakika moja.

Hata serikali ziliona taabu hiyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, vipuri vya Marekani na vya Uingereza havikukubaliana. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia sahihi mapatano ya kuwa na hesi za namna moja kwa skrubu na nati, zenye pembe ya digrii 60. Hesi za mabomba zilibaki mbalimbali.

Basi fundi mwangalifu hufanyaje? Humwaga petroli kwanza, nje, mbali na sigara na taa ya moto. Nati iliyoshikwa na kutu huilowesha mafuta na kuiacha usiku kucha. Haichomi moto kamwe. Huisafisha kwa brashi laini, kisha huzihesabu hesi kwa kipimo chake kabla ya kununua chochote. Nati nzima huirudisha. Pete hutia mpya. Na bomba lililotobolewa na kutu? Wako wanaotaka kulibakiza kwa kuwa ni la asili. Mimi nasema litundikwe ukutani, na jipya la umbo lile lile litiwe garini.

Mwisho hutia petroli kidogo, hufungua koki, hupangusa kila kiungo kwa karatasi kavu, hungoja, kisha hupangusa tena. Karatasi ikitoka kavu, ndipo injini huwashwa.